Anayenunua saruji ya shule asijikague mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fedha za ujenzi wa shule, hasa zile tunazokopa, na nani anayezifuatilia kwa niaba ya wananchi zikishafika kwenye eneo la ujenzi.

Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa matumizi ya shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20. Mwaka uliofuata yakaongezwa madarasa 8,000. Kuna pia miradi ya kuboresha elimu, SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi na awali, kila mradi ukiwa na dola milioni 500 za Benki ya Dunia. Sasa limeingia jambo jipya. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilizindua mauzo ya hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5. Ni taasisi ya umma iliyokwenda sokoni yenyewe kukopa kwa wananchi na wawekezaji. Mlango huo ukishafunguliwa, sioni kwa nini halmashauri ya jiji isiutumie siku moja kujenga shule, na sina ubaya na wazo hilo. Ninachodai ni kwamba kabla ya kufika huko tuwe tumeshapanga vizuri ukaguzi wa wananchi, kwa sababu hata kwa fedha hizi za sasa haujakaa sawa.

Tunajenga kwa fosi akaunti. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, shule inanunua vifaa, fundi wa eneo hilo anapewa mkataba wa ufundi tu, na mhandisi wa halmashauri anasimamia. Zinaundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Utaratibu huu una faida zake na ninautetea: faida ya mkandarasi inabaki kwenye jengo, na mafundi wa kijijini wanapata kazi. Kasoro yake ni kwamba kamati zote tatu zinatoka kwenye kapu moja. Mkuu wa shule ndiye mwenye akaunti, ndiye katibu wa bodi au kamati ya shule, na mara nyingi ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Walimu wake wanakaa kwenye manunuzi na mapokezi. Mwalimu wa kawaida hawezi kukataa kusaini hati ya mapokezi ya mifuko 100 ya saruji iliyoandaliwa na bosi wake, hata kama lori lilishusha 85 na akaambiwa 15 inakuja kesho. Wazazi waliomo kwenye kamati huitwa siku ya kusaini muhtasari. Baadaye anakuja mkaguzi kutoka nje, anakuta muhtasari upo, saini zipo, risiti zipo. Karatasi zimekamilika na sakafu imepasuka.

Jimbo la California nchini Marekani lina utaratibu ambao inafaa tuujue, uzuri wake na udhaifu wake. Kule wilaya za shule hukopa kwa hatifungani zinazopigiwa kura, na mkopo hulipwa kwa kodi ya majengo. Zamani ilihitajika theluthi mbili ya kura. Novemba 2000 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 39 lililoshusha kiwango hadi asilimia 55, lakini kwa masharti. Wilaya lazima iandike orodha ya miradi kabla ya kura. Fedha haziruhusiwi kulipa mishahara ya walimu na viongozi wala gharama za kila siku. Kila mwaka unafanyika ukaguzi wa aina mbili, mmoja wa hesabu na mwingine wa kuthibitisha kwamba fedha zimekwenda kwenye miradi iliyoorodheshwa. Juu ya hayo, ndani ya siku 60 tangu matokeo ya kura yaingizwe kwenye kumbukumbu za bodi, inaundwa kamati huru ya wananchi isiyopungua watu saba. Sheria inataja wanatoka wapi: mmoja kutoka jumuiya ya wafanyabiashara, mmoja kutoka chama cha wazee, mmoja kutoka chama cha walipa kodi, mzazi mmoja mwenye mtoto shuleni, na mzazi mwingine aliye pia kwenye umoja wa wazazi na walimu au baraza la shule. Mtumishi wa wilaya haruhusiwi kuingia. Mzabuni, mkandarasi na mshauri wa wilaya nao hawaruhusiwi. Kipindi ni angalau miaka miwili, na mtu hazidishi vipindi vitatu mfululizo. Vikao ni vya wazi, taarifa inatolewa angalau mara moja kwa mwaka, na mihtasari inawekwa kwenye tovuti.

Kwetu la kuiga mara moja ni lile katazo: anayelipwa na mradi, au aliye chini ya anayelipa, hakai kwenye kamati ya kuukagua. Vyama vya walipa kodi hatuna vingi, lakini katazo hilo linawezekana katika kijiji chochote.

Udhaifu wake nao tuutazame, tusije tukaunakili. Wajumbe huteuliwa na bodi ileile wanayoikagua. Hawana mamlaka ya kusimamisha malipo, wanatoa taarifa tu, tena fedha zikiwa zimeshatumika. Masharti ya mkopo wenyewe hayapo mikononi mwao. Mfano unaojulikana ni wa wilaya ya shule ya Poway, jirani na San Diego. Mwaka 2011 ilikopa takriban dola milioni 105 kwa hatifungani ambayo riba yake inalimbikizwa na malipo yanaanza karibu miaka 20 baadaye. Jumla ya kulipa inakaribia dola bilioni moja. Kamati ya wananchi inaweza kukagua kila tofali la mkopo kama huo na kulikuta sawa, na bado watoto wa wanafunzi wa leo wataulipa. Mwaka 2013 ndipo California ilipoweka sheria kwamba kwa hatifungani za namna hiyo jumla ya marejesho isizidi mara nne ya mkopo na muda usizidi miaka 25. Mwaka huohuo wilaya ya Los Angeles ilianza kununua tabuleti za wanafunzi kwa fedha za hatifungani, kifaa cha miaka michache kwa deni la miongo. Mwaka uliofuata mpango ukasitishwa.

Nirudi nyumbani, kwenye saruji.

Watu wengi hudhani mwananchi wa kawaida hawezi kukagua ujenzi kwa kuwa hakusomea. Ukweli ni kwamba wizi mkubwa wa darasa la milioni 20 unapatikana sehemu chache tu, na zote zinapimika kwa futi kamba, mizani ya dukani, ndoo ya lita 20 na kalamu. Hesabu hizi nazitoa kwa darasa la mita 9 kwa 7. Vipimo vya shule yako vikiwa tofauti, badilisha namba na uendelee vilevile.

Anza na jamvi, yaani zege la sakafu. Mita 9 mara 7 ni mita za mraba 63. Zege la unene wa sentimita 10 linakuwa mita za ujazo 6.3. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inakula karibu mifuko sita na nusu ya saruji, kwa hiyo jamvi zima ni mifuko 40 hivi. Mchanganyiko ukishushwa kimyakimya hadi moja, tatu, sita, saruji inakuwa mifuko 28 hivi, na mifuko 12 inabaki stoo bila kuonekana popote. Unene ukipunguzwa kutoka sentimita 10 hadi 7, inabaki mingine 12. Sakafu ikishasawazishwa huwezi kujua lolote kwa macho. Ndiyo maana mjumbe anatakiwa afike asubuhi ya kumwaga, kabla toroli la kwanza halijaondoka. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo moja, mbili, nne ni mfuko mmoja, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Simama, hesabu ndoo. Unene unapima kwa kunyoosha kamba kutoka ukuta hadi ukuta kwenye usawa wa juu wa zege na kushusha futi hadi kwenye nailoni iliyotandikwa chini ya zege, mahali pasipopungua pembe nne na katikati. Katikati ndiko kifusi huachwa juu.

Hapohapo tazama chini ya nailoni. Kifusi kinatakiwa kumwagwa kwa matabaka ya sentimita 15 hivi, kimwagiwe maji na kushindiliwa, tabaka kwa tabaka. Kikijazwa chote kwa siku moja na kushindiliwa juu tu, kitashuka mvua ya pili, na jamvi litapasuka hata kama mifuko yote 40 ya saruji imo. Nyufa nyingi za sakafu za madarasa chanzo chake ni hiki. Hapa hakuna aliyeiba chochote isipokuwa muda, kwa sababu tarehe ya kukabidhi ilikuwa imeshatangazwa.

Kwenye tofali mchezo ni wa mgawanyo. Kuta za darasa hilo, zenye kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha zinabaki na kama mita za mraba 76. Kwa tofali lenye uso wa sentimita 40 kwa 20, ni tofali 12 hivi kwa kila mita ya mraba, yaani kama 900, bila kuhesabu msingi. Mchanganuo wa gharama, ule mafundi wanaouita BOQ, ukisema mfuko mmoja utoe tofali 25, saruji ya tofali ni mifuko 36. Fundi akipewa maelekezo ya kutoa 45, inatosha mifuko 20. Tofali la namna hiyo utalijua: kingo zinameguka kwa kidole, na ukiliachia toka usawa wa kifua juu ya ardhi ngumu linasambaratika. Hicho si kipimo cha maabara. Kinatosha kukufanya uandike barua kumtaka mhandisi apeleke tofali chache zikapimwe. Uliza pia zilifyatuliwa lini. Tofali lisilomwagiliwa maji angalau siku saba ni dhaifu hata likiwa na saruji ya kutosha, na shule zinazokimbizana na Januari huyapandisha ukutani yakiwa na siku mbili.

Mchanga una mambo mawili. La kwanza ni udongo. Jaza mchanga nusu chupa ya plastiki inayoonyesha, ongeza maji hadi karibu ijae na kijiko kidogo cha chumvi, tikisa sana, iache itulie saa tatu. Tabaka la udongo laini litakaa juu ya mchanga. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mzigo urudishwe. La pili ni neno tripu. Risiti nyingi zinaandika tripu sita za mchanga, tripu nne za kokoto, na bei. Tripu ya gari gani? Bodi la lori lenye urefu wa mita 3, upana 2 na kina nusu mita linabeba mita za ujazo 3. Lori la kampuni nyingine linabeba mara mbili yake. Mahali ambapo BOQ inasema mita za ujazo, hati ya mapokezi nayo iseme mita za ujazo, na mpokeaji apande na futi kamba apime bodi kabla halijamwagwa. Katika kazi zote za mapokezi, hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Nondo zipimwe kwenye mizani. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita, kwa hiyo mche wa mita 12 ni karibu kilo 10.7. Wa milimita 10 ni kilo 7.4. Pima miche mitano kwa pamoja, gawanya. Ukipata wastani wa kilo 8 au 9 kwenye nondo iliyolipiwa kama ya 12, umeuziwa nyembamba, na duka lizichukue. Urefu nao upimwe, kwa sababu mche wa mita 11 na nusu hulipiwa kama wa 12. Kabla ya kumwaga zege la mkanda wa juu ya madirisha, hakikisha nondo hazijalala kwenye mbao za chini. Zinawekewa vipande vidogo vya zege vya kuzinyanyua sentimita mbili na nusu, la sivyo zinabaki nje, zinapata kutu na mkanda unamenyeka.

Bati ni geji. Namba ikipanda unene unashuka: geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3. Kwa macho zinafanana, hasa zikiwa na rangi. Muuzaji akipeleka geji 30 kwa risiti ya geji 28, utaligundua kwa kifaa cha fundi cha kupimia unene, au kwa kupima uzito wa bati mbili za urefu sawa, moja kutoka kwenye mzigo na moja ya geji 28 kutoka duka lingine. Kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, angalia umbali kati ya moja na nyingine kama ulivyo kwenye mchoro, na kama mbao zimepakwa dawa kabla ya kupanda juu. Baada ya dari kufungwa hakuna atakayepanda kuangalia.

Kwa hiyo ziara za kamati ya wananchi zifuate hatua ambazo kazi inafunikwa: msingi kabla ya kufukiwa, kifusi na nailoni kabla ya jamvi, nondo kabla ya zege la mkanda, kenchi kabla ya bati. Ziara nne kwa jengo. Kutembelea darasa lililopakwa rangi siku ya makabidhiano ni sherehe tu. Fundi alipwe kwa hatua hizohizo, na kila hatua ilipwe baada ya fomu ya ziara kusainiwa na mhandisi na mjumbe mmoja wa wananchi. Hapo ndipo tunapoweza kuwazidi California: kamati isitoe taarifa baada ya fedha kuisha, itoe kabla ya malipo ya hatua inayofuata. Kuzuia malipo moja kwa moja nisingewapa, kwa sababu kamati ikigombana na mkuu wa shule watoto watakaa chini ya mti. Ikikataa kusaini, iandike sababu kwa mkurugenzi wa halmashauri, na mhandisi afike kwenye eneo la ujenzi ndani ya siku saba na kujibu kwa maandishi. Asipofika, malipo ya hatua hiyo yasubiri.

Upande wa karatasi, kamati isijaribu kusoma faili zima. Ichukue kifaa kimoja, saruji inafaa zaidi, na kukifuatilia toka mwanzo hadi mwisho: kiasi kilichoandikwa kwenye BOQ, kiasi kilichoagizwa, kiasi kwenye hati ya mapokezi, kiasi kilicholipiwa kwenye vocha na risiti ya EFD (mashine ya kodi), kiasi kilichoingia na kutoka kwenye leja ya stoo, na kiasi kilichopo leo ukihesabu mifuko kwa kidole. Namba sita. Zikilingana, mengine mengi yatakuwa salama. Zisipolingana, pengo lenyewe litakuonyesha pa kuuliza. Mapokezi yakiwa makubwa kuliko leja, mzigo haukufika. Leja ikiwa kubwa kuliko kilichotumika kwa hesabu ya ndoo, umetoka stoo usiku. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki, na kwa simu yenye intaneti unaweza kuiangalia kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kama ni ya kweli, ya tarehe hiyo na ya kiasi hicho. Bei nazo zilinganishwe na maduka mawili ya hapo sokoni wiki hiyohiyo, pamoja na usafiri. Bei ya mkoa mwingine au ya mwaka jana haisaidii.

Tazama pia kama manunuzi yamekatwakatwa. Mifuko 200 ya saruji iliyonunuliwa mara tano kwa wiki mbili kutoka duka lilelile, kila mara kiasi kikiwa chini kidogo ya kile kinachohitaji ushindani, haikutokea kwa bahati. Vivyo hivyo nukuu tatu za bei kutoka maduka matatu zenye mwandiko mmoja au kosa lilelile la tahajia.

Nani awe kwenye kamati hiyo? Napendekeza saba, kama wale wa Pendekezo la 39, ila wachaguliwe na mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa, na majina yasitoke kwa mkuu wa shule wala kwa diwani. Wawe wazazi wawili wenye watoto katika shule hiyo, fundi mmoja mstaafu au anayefanya kazi nyingine asiye na mkataba hapo, mfanyabiashara asiyeuza vifaa vya ujenzi, mtu mmoja kutoka kundi la wanawake la kukopeshana, kwa sababu wale wanajua kutunza daftari la fedha, mzee mmoja, na kijana mmoja anayemudu simu na picha. Asiwemo mwalimu wa shule hiyo, mtumishi wa halmashauri, mwenye duka lililouza, wala ndugu wa karibu wa fundi. Kila mmoja asaini tamko hilo, na libandikwe ubaoni ili kijiji kimkosoe anayedanganya. Mara nyingi kijiji kinajua nani shemeji ya nani kuliko ofisi yoyote.

Ubao wa matangazo uwe na kurasa mbili tu, zibadilishwe kila mwezi: fedha zilizoingia, zilizotoka na salio, na hatua ya ujenzi pamoja na kiasi cha kila kifaa kikuu kilichonunuliwa. Jumla kama “vifaa vya ujenzi, shilingi 11,400,000” isikubaliwe, kwa kuwa hakuna mzazi anayeweza kuihoji. Andika saruji mifuko mingapi, bei gani, duka gani, na kila mzazi aliyewahi kujenga banda la kuku ataisoma na kuelewa. Taarifa isomwe pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unafanyika kila miezi mitatu.

Likija suala la hatifungani, mzigo unaongezeka, na hapo somo la Poway linahusika. Chukua mfano wa halmashauri inayokopa shilingi bilioni 10 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, mtaji ukirudishwa mwishoni. Riba pekee ni bilioni 1.35 kila mwaka, bilioni 13.5 kwa miaka yote, na jumla ya kurudisha ni bilioni 23.5. Mamlaka ya maji inauza maji, ina ankara za kila mwezi za kulipia. Darasa haliuzi kitu. Halmashauri itasema italipa kwa mapato ya ndani, na mapato ya ndani ndiyo hayohayo yanayobeba zahanati na mikopo ya vikundi. Kwa hiyo kamati ya wananchi ianze kazi kabla ya hatifungani kuuzwa, ipewe jedwali la marejesho la mwaka kwa mwaka, na jedwali hilo lisomwe kwa shilingi kwenye kila kata. Orodha ya shule na idadi ya madarasa ifungwe kabla ya mauzo, kuibadilisha iwe kwa kikao cha wazi cha baraza. Akaunti iwe ya peke yake. Posho, semina, mafuta ya magari na kompyuta visilipwe humo, kwa sababu deni litadumu miaka 10 na semina inaisha Ijumaa. Na kamati iendelee kuwepo hadi shilingi ya mwisho itumike na ukaguzi wa mwisho usomwe, hata kama viongozi waliokopa wameshahamishwa.

Wapo watakaosema tayari tuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), taasisi ya kupambana na rushwa (TAKUKURU), wakaguzi wa ndani na madiwani, na kwamba kamati nyingine ni mzigo. CAG anafanya kazi kubwa, lakini taarifa yake inasomwa mwaka wa fedha ukiwa umeshafungwa, na wakaguzi wake hawawezi kusimama kwenye kila jamvi la nchi hii asubuhi linapomwagwa. Mzazi anayeishi mita 200 kutoka shuleni anaweza. Wengine watasema wananchi watageuka kero kwa mafundi. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana nimesema ziara nne zenye fomu na si watu saba kukaa site kila siku wakitoa maelekezo. Mjumbe haelekezi fundi. Anapima, anaandika, anapiga picha yenye futi kamba ndani yake, anaondoka.

Kwa shule ambazo ujenzi unaendelea sasa hivi hakuna haja ya kusubiri mwongozo mpya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andika kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, na utaje unachotaka kwa jina: nakala ya BOQ, mchoro, mkataba wa fundi, orodha ya vifaa vilivyopokelewa na tarehe zake, na taarifa ya benki ya akaunti ya mradi. Usiombe “taarifa za mradi”, utapewa ukurasa wa pongezi. Peleka barua kwa mkono, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na siku 30 zihesabiwe toka tarehe ya muhuri.

Linabaki suala la gharama ya kamati. California inakataza kutumia fedha za hatifungani kuihudumia kamati, wilaya inaibeba kutoka kwenye mapato yake mengine, na wajumbe hawalipwi. Nakubaliana nao. Kwa mradi wa shilingi milioni 100, laki mbili zinatosha futi kamba ya mita 30, mizani ya kuning’iniza, ndoo mbili, nakala za fomu na nauli ya mjumbe kupeleka barua wilayani. Zitoke kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na vifaa hivyo mradi ukiisha vihamie shule inayofuata.

Mkadiriaji majenzi,
Morogoro